Gitaa Lililojua Kungoja

Jina lake nalijua, lakini sikuwahi kulitamka mbele yake na sitaanza leo. Kwetu mtu wa rika la baba yako haitwi kwa jina. Mimi nilimwita Nau, yaani baba, naye akaniita Mwaitu, mama, kama wazee wa Ukambani wanavyowaita hata wasichana wadogo wakiwapenda. Watu wengine wa mji wa Mwingi walimwita Mpiga Solo. Ukiwauliza ni mpiga solo yupi, walikutazama kama mtu aliyeshuka tu kutoka kwenye lori la Garissa, maana kwao hapakuwa na mwingine. Tulimzika kijijini kwake Nuu wakati watu wakivuna ndengu, na tangu hapo kila nikisikia gitaa likipigwa haraka haraka najikuta nimekasirika bila sababu.

Alikuja mjini siku za soko, gitaa likiwa mgongoni ndani ya gunia ambalo mkewe alilikata na kulishona upya likapata umbo la gitaa. Gunia lilikuwa chakavu. Yeye mwenyewe sikumwona chakavu hata siku moja. Viatu viling'aa, shati lilifungwa mpaka kifungo cha shingoni hata katika joto la Mwingi, na kofia yake ya kahawia hakuivua ila kanisani. Mimi nina chumba kidogo cha kurekodi nyuma ya duka la vifaa vya simu. Akiingia humo, kwanza alipangusa viatu vumbi la barabara ya Nuu, kisha akajitazama kwenye kioo cha kompyuta kabla sijaiwasha. Alikuwa na majivuno. Alijua anapiga vizuri, na alitaka ujue kwamba anajua.

Wapiga gitaa wenzake hakuwasifu kamwe. Nikimchezea wimbo wa kijana fulani anayevuma, alisikiliza kidogo, akauliza kwa upole wa uongo, "Huyu anakimbizwa na nani?" Basi, hukumu imetoka. Haikuwa haki kila mara. Wengine walikuwa wapigaji wazuri sana, na nadhani aliwaonea wivu kwa sababu walikuwa na nyuzi mpya. Zake alizichemsha. Zikianza kutoa sauti butu alizifungua, akazitumbukiza kwenye sufuria ya maji yanayotokota, akazianika kama nguo, na zikarudi kulia kwa muda. Mkewe alilalamika kwamba uji wa nyumba ile ulikuwa na ladha ya chuma. Kipande cha kupigia nyuzi alikikata kutoka mtungi wa mafuta ya kupikia, ule wa manjano, na alidai kwamba cha dukani kinateleza.

Lakini kama ningetakiwa kumweleza kwa neno moja, ningesema alikuwa mtu wa kungoja. Hakuanza kupiga mpaka mwimbaji amalize. Mwimbaji akivuta neno la mwisho, yeye alikaa kimya, kichwa kimeinama upande, vidole juu ya nyuzi bila kuzigusa, mpaka unaingiwa na wasiwasi kwamba amesahau. Kisha solo ikaja, ikajibu. Mimi napiga kinanda, na wapiga kinanda hatupendi nafasi tupu, tunajaza. Miaka yote niliyofanya kazi naye maneno yake kwangu yalikuwa hayo kwa hayo: "Umeingia mapema, Mwaitu. Si ungoje mtu amalize." Aliyasema kanisani, aliyasema studio, aliyasema hata nilipomkatiza mezani tukinywa chai. Nilichoka nayo. Siku moja nilimjibu kwamba nikingoja kama yeye wimbo utaoza, naye akacheka mpaka kofia ikaanguka.

Nilimjua kabla hajanijua. Nilikulia Tawa, na mama yangu aliuza mboga sokoni, karibu na baa iliyokuwa ikileta bendi ya Nau mchana wa siku ya soko ili watu wasiende nyumbani mapema. Bendi ilikuwa na wimbo mmoja uliopendwa kuliko zote. Mwimbaji aliuliza, kwa Kikamba, ni nani huyo anayepita njiani bila kusalimu, halafu akanyamaza. Hapo solo ikajibu kwa jina la mtu. Wasiojua Kikamba husema haiwezekani gitaa litaje jina. Linataja. Lugha yetu hupanda na kushuka, kila jina lina mwendo wake, na akiupiga mwendo huo mwenye jina anageuka. Ilikuwa desturi kwamba ukiitwa unainua mkono na kujibu kwa sauti, "Niko." Watu wanacheka, mwimbaji anauliza tena, na gitaa linatafuta mwingine.

Siku moja lilimwita mama yangu. Mama alikuwa mtu wa kanisa, hakuwa ameweka mguu ndani ya baa maishani. Alikuwa ameinama anafunga sukuma wiki, akasimama wima na kisu mkononi. Nilimtazama nikidhani atakasirika. Akainua kile kisu juu, akasema, "Niko." Soko zima la upande ule lilimpigia makofi, na kwa siku kadhaa alitembea kama mtu aliyeshonewa nguo mpya. Sijui Nau alilijuaje jina lake. Nilipomuuliza miaka mingi baadaye alisema hakumbuki mwanamke yeyote mwenye kisu, kisha akaongeza kwamba alikuwa na kazi ya kujua majina.

Niliwahi kumuuliza kwa nini hakuwa anajiita mwenyewe, mara moja tu, watu wacheke. Alinitazama kana kwamba nimesema jambo la aibu.

"Mtu hajiiti," alisema. "Anaitwa."

Nikamuuliza nani basi aliwahi kumwita yeye. Akaanza kutafuta kile kipande chake cha manjano mifukoni, akakitafuta kwa muda mrefu, na kilikuwa mkononi mwake.

Aliokoka akiwa mtu mzima, na kanisa likamwambia gitaa la baa liwekwe chini. Aliliweka. Kwa miaka lilining'inia ukutani Nuu, na yeye akalima ndengu na kufuga mbuzi kama mtu yeyote. Alikuwa na imani ya kweli, sitaki mtu afikirie alilazimishwa. Pombe aliichukia hata zamani. Alichokikosa ni watu. Baadaye kanisa lilipata kinanda na spika, nami nikapewa kazi ya kupiga, na kwa kuwa hatukuwa na bendi nikaleta kompyuta yenye programu ya kusindikiza. Si jambo la ajabu siku hizi. Unaiandikia kordi za wimbo, unachagua mtindo, na yenyewe inapiga ngoma, besi na gitaa la solo, wewe unaimba.

Jumapili ya kwanza aliyoisikia, ibada ilipokwisha, alikwenda moja kwa moja nyuma ya pazia la madhabahu. Alikuwa anamtafuta mpiga gitaa. Alitafuta mpaka chumba cha wazee wa kanisa. Nilipomwonyesha kwamba sauti inatoka kwenye kompyuta hakuaibika hata kidogo, aliikaribia na kuikagua kama mbuzi wa sokoni. "Hii gitaa haijaokoka," alisema hatimaye, "na imeingia kanisa kabla ya yangu." Mchungaji alikuwa karibu na alisikia. Nadhani ndiyo sababu Jumapili moja Nau aliruhusiwa kuja na gunia lake.

Ilikuwa Jumapili nzuri na mbaya. Alipiga kwa adabu, kwa sauti ya chini, mpaka pambio la pili. Waimbaji walipopumua, gitaa likamwita mama mmoja mzee wa viti vya mbele, na yule mama, bila kufikiri, akasimama akasema, "Niko." Wenzake wakacheka, mabega yakaanza kucheza, yale mabega ya zamani ambayo kanisa lilidhani limeyatuliza. Mchungaji hakugomba. Baada ya ibada alimshukuru sana, akamwambia atapewa kiti cha mbele kila Jumapili, na gitaa lipumzike nyumbani. Nau alikubali kile kiti na akakikalia mpaka mwisho. Nilikuwa nikimwona kutoka kwenye kinanda, kofia magotini, akiisikiliza kompyuta ikipiga sehemu yake.

Ndipo alipoanza kuja studio, na ndipo nilipoanza kuichukia orodha ya mitindo. Programu yangu ina mitindo ya gitaa la solo mingi mno, na ukiisikiliza yote utakuta ni wanaume wachache tu wamebadilishwa mashati. Kuna la roki, kuna la kantri, kuna la bluzi la mtu aliyeachwa na mke, na kuna la roki tena. Upo mtindo mmoja ulioitwa wa Kiafrika. Nilimchezea Nau huo kwa tumaini, akasikiliza mpaka mwisho, jambo lisilo la kawaida yake. Akauliza ni wa Afrika ya wapi. Ulikuwa kama muziki wa hoteli ya watalii wakati wa kiamsha kinywa.

Akavuta kiti karibu na kompyuta, na akaweka kidole kwenye kioo katikati ya majina yale.

"Waambie waniweke hapa," alisema. "Na waandike jina yangu. Wasiandike Afrika. Jina yangu."

Nilidhani anatania. Hakuwa anatania. Mtu huyu aliyekuwa ameliweka chini gitaa lake bila kunung'unika, aliyekubali kiti badala ya sehemu yake, alikuwa ameona mahali pa kuwekwa ambapo hata asipokuwepo mtu wa mbali atambonyeza naye atalia. Alikuwa ameanza kuhesabu umri wake. Wana wake wawili wako Nairobi na hawajui hata kulitekenya gitaa. Vijana waliokuja kujifunza aliwaambia kwanza wakawasikilize bibi zao wakiongea, hawakurudi, na yeye aliwasema vibaya badala ya kulaumu ukali wake. Kwa hiyo ilikuwa mashine ile au kaburi. Alinieleza hivyo, kwa maneno makavu kabisa, huku akipangusa viatu.

Niliwaandikia wenye programu. Niliandika pia kwenye ukurasa wa mtandao ambapo watumiaji huomba mambo, nikaeleza kwamba tunahitaji mitindo zaidi ya solo, inayotoka mahali panapojulikana, inayongoja sauti ya mtu. Wengi waliokuwa wakiomba pale walitaka roki nzito zaidi. Mmoja alinijibu, kwa nia njema, kwamba nijaribu ule mtindo wa Kiafrika. Wenye programu walinitumia shukrani zile zinazojituma zenyewe, na baada ya hapo kimya. Kila siku ya soko Nau alipiga hodi, akapangusa viatu, akauliza, "Wamesema?" Nami nikajibu bado. Yule mwenye duka la mbele, Mwislamu mmoja ambaye baba yake alitoka pwani, alikuwa akimletea chai ya tangawizi wakati huo huo, na nadhani alifanya hivyo makusudi ili mzee awe na kitu cha kushika.

Mwishowe nikaamua kuutengeneza mtindo mwenyewe. Programu inakubali, ukiwa na subira. Unamrekodi mpigaji, unakata vipande, unavipanga, nayo inavichagua kufuatana na kordi. Nilimweka Nau mbele ya kipaza sauti, nikamwashia ngoma masikioni, nikamwambia apige. Hakupiga. Ngoma ilikwenda ikaisha. Nikaanza tena, akakaa vile vile, kichwa kimeinama upande. Nilidhani ni woga. Akavua vile visikizi na kuniuliza, kama mtu aliyealikwa mahali akakuta mlango umefungwa, "Sasa nani anaimba?"

Nilimweleza kwamba haihitajiki mtu kuimba, tunataka gitaa peke yake. Alisema hajui gitaa peke yake. Si kwamba alikataa, alijaribu, maskini, na kilichotoka kilikuwa mazoezi ya mtu anayejifunza. Basi nikaimba mimi. Sauti yangu si ya kujivunia. Niliuliza ni nani huyo anayepita njiani bila kusalimu, nikanyamaza, naye akajibu, na chumba kile cha mabati kikajaa watu wa Tawa. Tulifanya hivyo mchana mzima. Alimwita mama yangu, aliyekwisha kufariki, na nililazimika kutoka nje kidogo nikajifanya naangalia nyaya za umeme.

Shida ilikuja wakati wa kukata. Kompyuta inataka kila kipande kianze pale ngoma inapoanza. Solo zake hazikuanzia hapo hata moja. Zilianzia mahali ambapo pumzi ya mwimbaji ilikwisha, na pumzi yangu haikwisha mahali pamoja mara mbili. Nilizisogeza, hii mbele, hii nyuma, kila moja nikailaza kwenye mstari. Zikakaa. Zilikuwa sauti zake halisi, mpaka zile nyuzi zilizochemshwa. Mtindo huo bado umo kwenye kompyuta yangu, katikati ya orodha, una jina lake, na siutumii.

Kabla sijamwonyesha, kiharusi kilimpata shambani. Kilimpoozesha upande wa kushoto, na kushoto ndiko kwenye vidole vinavyotafuta noti. Mkewe alinipigia simu kuniambia anaongea, polepole, na kwamba ameuliza kama wale watu wa mashine wamesema. Nilichukua kompyuta na spika ndogo, nikaenda Nuu.

Nilimkuta nje, kivulini mwa ghala la nafaka, kwenye kiti cha plastiki. Kofia ilikuwa kichwani na viatu viling'aa. Mkewe alisema ndicho kitu cha kwanza anachoomba asubuhi, viatu vipakwe rangi, na hatembei navyo popote. Mkono wa kushoto ulikuwa mapajani kama kitu alichoachiwa na mtu amshikie. Nilishindwa kuutazama. Mkewe alirudi uani kupura ndengu kwa fimbo, na mimi nikaketi kwenye gogo.

"Wamesema?"

"Bado, Nau. Lakini nimekutengeneza mwenyewe."

Alitaka kuona jina kwanza. Nilimsogezea kioo, akalisoma herufi kwa herufi, midomo ikimfuata kwa shida, na alipomaliza alilisoma tena. Furaha ile nilimpa mimi, na hata leo najishikilia hapo ninapoona mengine mazito. Kisha akasema nipige.

Ngoma ikaanza, na solo ikaingia, solo yake mwenyewe. Alitabasamu kwa upande mmoja wa uso. Halafu akafanya kitu ambacho hakuwahi kufanya mbele yangu, akaimba. Sauti ilikuwa nyembamba na maneno yaliteleza. Aliuliza ni nani huyo anayepita, na kabla hajalifikia neno la kupita solo ikamwingilia. Akanyamaza mara moja, kwa adabu, akaingoja imalize. Haikumaliza. Kazi yake ni kujaza. Akajaribu tena, ikampita juu tena, naye akangoja tena, kichwa kimeinama upande kama zamani, akilifanyia gitaa lake mwenyewe yale aliyowafanyia watu wote.

"Haisikii," alisema, bila hasira. Alikizungumzia kile kioo kama mtu anayemwombea mgeni msamaha.

Nilizima. Ilibaki fimbo ya mkewe uani, ikipiga ndengu. Nilikuwa najua, naye alikuwa anajua, kwamba hatakuwa ndani ya mashine ile wala nyingine. Alikuwa akiutazama mkono wake.

Kisha, akiwa bado anautazama, aliimba tena. Ni nani huyo anayepita njiani bila kusalimu. Akauvuta mwisho wa mstari ukaisha, na akaacha nafasi.

Fimbo ikasimama uani. Nafasi ikakaa pale, ikawa kubwa, na hakuna aliyeijaza. Nilikuwa na kompyuta mapajani na vidole vyangu havikusogea. Nilifungua mdomo nikaufunga, mara mbili. Nilijua mwendo wa jina lake, unavyopanda, unavyoshuka, unavyotulia mwishoni. Nilikuwa nimelijua miaka yote kwa kutolitaja. Hatimaye sauti ilitoka, bila maneno, kupitia puani, nikaliimba jina lile jinsi gitaa lake lingelipiga, na hata hapo sikulitamka.

Mkono wa kulia ukainuka kutoka kitini.

"Niko," alisema.

Akaushusha mkono. Kisha aligeuza kichwa akanitazama, na akaniambia maneno ambayo nilikuwa nimeyatafuta kwake tangu tuanze kazi pamoja.

"Leo umengoja, Mwaitu."

Sikumwambia kwamba sikuwa nimengoja, kwamba sauti ndiyo iliyokataa kutoka.